Mgongo Unaouma Hauponi kwa Kulala

Si ajabu mgonjwa wa maumivu ya mgongo kutoka zahanati na mambo mawili: sindano ya diklofenaki na agizo la kulala. Agizo hilo yafaa liachwe. Misuli isiyotumika hudhoofu, viungo hukakamaa, na hofu ya kujongea huzidisha maumivu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini unapendekeza elimu na mazoezi. Kutembea kila siku, kujikanda kwa maji ya moto yasiyounguza na kutokaa mkao mmoja kwa muda mrefu ni njia ambazo hata asiye na fedha anazimudu. Diklofenaki, ikitumiwa mfululizo, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hata hivyo, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutozuilika, homa, au kukonda bila sababu ni dalili za kumfikisha mgonjwa hospitalini upesi. Mhudumu asiyemweleza mgonjwa haya amempa nusu ya tiba.