Blogu ya bei za samaki Nchelenge inaweza kulipa, lakini si kwa matangazo ya Google

NCHELENGE, Zambia – Kila mwaka ifikapo Machi 1, siku uvuvi unapofunguliwa baada ya miezi mitatu ya marufuku, wanunuzi wa samaki wanaoelekea Kashikishi huwa na swali moja: bei ya leo ufukweni ni kiasi gani, na je, itakuwa hiyo hiyo lori litakapofika? Jibu hupatikana kwa kupiga simu kwa dalali, kwa mwenye boti, au kwa ndugu aliyeko sokoni. Anayejibu simu mara nyingi naye ana samaki wa kuuza, hivyo jibu lake hutegemea maslahi yake.

Katika mazingira hayo ndipo linapojitokeza wazo ambalo limewashika vijana wengi wa Afrika Mashariki na Kati tangu miaka ya 2000: mtu mmoja mwenye simu au kompyuta afungue blogu yake, aandike habari ambazo wengine wanazihitaji, na habari hizo zimwingizie kipato. Kwa mwambao wa Ziwa Mweru wazo hilo si la anasa. Swali ni moja tu, nani atalipa?

BIDHAA NI HABARI

Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa mashariki zipo Nchelenge na Kashikishi, na kaskazini zaidi Chienge. Ng'ambo zipo Kilwa na Pweto. Samaki wa ziwa hili, wakiwemo pale na chisense, yaani dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, huliwa katika miji ya migodi ya nchi zote mbili, Copperbelt na Lubumbashi. Biashara hiyo ni ya zamani. Wakati wa ukoloni wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa Kasenga, kwenye Mto Luapula, walikusanya samaki, wakawaweka kwenye barafu na kuwapeleka Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Aliyekuwa na barafu, gari na habari za soko ndiye aliyepanga bei. Mvuvi alipokea aliyopewa.

Leo barafu na magari vina wenyewe wengi. Habari ndiyo bado imebaki mikononi mwa wachache. Mfano mzuri ni wa Agosti 2024, Zambia ilipofunga vituo vya mpakani vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania baada ya Kongo kuzuia vinywaji baridi na bia kutoka Zambia. Vituo hivyo vilifunguliwa tena siku chache baadaye. Magazeti ya dunia yaliandika juu ya Kasumbalesa kwa sababu ya shaba. Lakini kwa mtu wa Luapula jina lililokuwa na uzito ni Mokambo. Lori linalotoka Nchelenge kupitia Mwansabombwe, Mwense na Mansa, likavuka daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, hupita kipande cha ardhi ya Kongo na kutokea Mokambo ili kuingia Copperbelt. Njia hiyo ikifungwa, lori halina budi kuzunguka kupitia Samfya na Serenje. Kwa mwenye samaki wabichi, kuijua habari hiyo kabla ya kupakia au baada ya kufika Chembe ndiyo tofauti kati ya faida na hasara.

Habari ya namna hiyo, pamoja na bei ya ufukweni, nauli ya boti, hali ya upepo ziwani na tarehe za marufuku, ndiyo bidhaa ambayo blogu ya Nchelenge ingeuza. Hakuna gazeti la Lusaka litakalotuma mwandishi kila asubuhi kuitafuta.

HESABU YA MATANGAZO YA MTANDAONI

Wengi wanaoanza blogu huanza na tumaini la AdSense, mpango wa Google uliozinduliwa mwaka 2003, ambao huweka matangazo kwenye ukurasa na kumgawia mwenye ukurasa sehemu ya mapato. Kwa mujibu wa Google, mwenye ukurasa hubaki na takriban asilimia 68 ya mapato hayo. Malipo hayatoki mpaka akaunti ifike dola 100 za Marekani. Aidha, akaunti inapofikisha dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ili kuthibitisha anwani. Kwa mtu wa ufukweni asiye na sanduku la posta, barua hiyo peke yake inaweza kumkwamisha.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba blogu inasomwa na watu 400 kwa siku, kila mmoja akifungua kurasa mbili. Hizo ni kurasa 800 kwa siku. Kama kila kurasa 1,000 zitamwingizia mwenye blogu dola moja, atahitaji kurasa 100,000 ili afikie kiwango cha kulipwa. Hiyo ni siku 125, yaani zaidi ya miezi minne. Kwa mwezi ni kama dola 24. Hata ikichukuliwa dola moja kuwa kwacha 25, hizo ni kwacha 600.

Tatizo kubwa zaidi si udogo wa fedha hizo, bali zinakompeleka mwandishi. Matangazo ya aina hii hulipa kwa wingi wa wasomaji, na wasomaji wengi hawako Nchelenge. Wako Lusaka, Kitwe na nchi za nje, na wanachotaka ni siasa, mpira na maisha ya wasanii. Mwenye blogu akifuata fedha, baada ya miezi sita ataacha kuandika bei ya chisense na kuanza kunakili habari za watu wengine. Hapo mfanyabiashara wa samaki amepoteza chombo chake, na mwenye blogu ameingia katika ushindani asiouweza.

FUNZO KUTOKA TANZANIA

Blogu za Kiswahili zina historia inayoweza kusaidia hapa. Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe mwaka 2004, na mwaka uliofuata mpiga picha Issa Michuzi akaanzisha blogu ambayo iligeuka kuwa jina la nyumbani kwa Watanzania wa ndani na nje. Kilichoifikisha Michuzi huko hakikuwa uandishi mrefu. Ilikuwa picha na taarifa fupi za kila siku ambazo Mtanzania aliyeko ughaibuni hakuweza kuzipata kwingine kwa haraka hiyo. Pembeni mwa kurasa zikajaa matangazo ya biashara. Wenye biashara walilipa kwa sababu walijua ni nani anayesoma, siyo tu ni wangapi wanaosoma.

Hata hivyo, Tanzania imeonyesha pia upande wa pili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni ambayo gharama zake, kwa kujumlisha maombi, ada ya kuanzia na ada ya mwaka, zilifikia shilingi milioni 2.1. Kwa chombo kikubwa hizo ni gharama za ofisi. Kwa mtu mmoja anayeandika kutoka wilayani ni mtaji mzima. Baadhi waliamua kufunga. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020, lakini funzo limebaki: biashara ya mtu mmoja inaweza kuuawa na ada moja hata kama wasomaji wapo.

Zambia nayo ina sheria zake. Sheria ya usalama na makosa ya mtandao ya mwaka 2021 ilibadilishwa mwaka 2025 kwa sheria mbili, moja ya usalama wa mtandao na nyingine ya makosa ya mtandao. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2021. Kwa blogu ya sokoni hii ya mwisho ndiyo inayogusa kazi ya kila siku. Orodha ya wenye boti na namba zao za simu ni taarifa binafsi, na njia salama ni kuomba ridhaa ya kila mmoja kabla ya kuichapisha.

NANI ALIPE?

Kama Google haitoshi, wanaobaki ni wale wanaopata hasara kwa kukosa habari: wenye malori, wenye boti, wauza barafu, wauza nyavu, wenye nyumba za wageni na wanunuzi wa jumla. Chukua tena mfano. Wafanyabiashara kumi wakilipa kila mmoja kwacha 100 kwa mwezi kwa tangazo dogo, hizo ni kwacha 1,000, nyingi kuliko mapato ya mfano wa AdSense, na hulipwa kwa simu, kupitia Airtel Money au MTN, bila kungoja barua ya posta.

Lakini hesabu ya Mweru haiwezi kufanywa kwa mwezi mmoja na kuzidishwa mara kumi na mbili. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi umefungwa upande wa Zambia, na fedha sokoni hupungua. Kama katika miezi hiyo mitatu watabaki watangazaji watatu tu, mapato ya mwaka yatakuwa kwacha 9,000 kwa miezi tisa na kwacha 900 kwa miezi mitatu, jumla 9,900. Gharama za bando, kuchaji simu na nauli ya kufika ufukweni zikiwa kwacha 500 kwa mwezi, ni 6,000 kwa mwaka, kwa sababu gharama hazifungwi pamoja na uvuvi. Kinachobaki ni kwacha 3,900, au 325 kwa mwezi.

Hizo si mshahara. Anayeacha kazi ili awe mwanablogu Nchelenge atarudi kuitafuta kazi hiyo kabla ya Machi ya pili. Lakini biashara inayojilipia gharama na kubakiza kidogo ni biashara iliyo hai, mradi iwe juu ya shughuli nyingine. Mtu mwenye kibanda cha kutuma fedha, duka la vifaa vya uvuvi au kazi ya kusafirisha mizigo anaweza kuibeba, kwa sababu kila msomaji wa bei ni mteja anayekaribia mlango wake.

LUGHA NA WASHINDANI

Uamuzi mwingine wenye thamani ya fedha ni lugha. Kibemba kinafika kila nyumba ya mwambao wa Zambia. Kiingereza kinafika Lusaka. Kiswahili kinavuka ziwa hadi Kilwa na Pweto, kinafika Lubumbashi, na kinaeleweka na msafirishaji wa Kitanzania aliyeingia kwa Tunduma na Nakonde. Kwa blogu inayotegemea matangazo ya wenye boti na wanunuzi wa pande zote mbili, ukurasa wenye bei kwa Kibemba na Kiswahili una soko kubwa kuliko wa lugha moja. Bei yenyewe ni tarakimu, haihitaji tafsiri. Inayohitaji tafsiri ni sababu ya bei kupanda.

Mshindani wa blogu hiyo si gazeti. Ni kundi la WhatsApp, ambalo ni la bure na lina kasi. Ujumbe wa kundi, hata hivyo, husukumwa chini na jumbe nyingine na kusahaulika. Blogu inayoandika bei ya kila Jumatatu kwa tarehe, mwaka hadi mwaka, inajenga kitu ambacho kundi haliwezi kukitoa: kumbukumbu. Mnunuzi anaweza kuangalia wiki ya kwanza ya Machi mwaka jana ilikuwaje, na mwaka juzi, kisha akaamua aende na fedha kiasi gani. Kumbukumbu hiyo ndiyo mali ya kweli ya mwenye blogu, na haiwezi kunakiliwa kwa siku moja na mtu aliyeko Lusaka.

HATARI YA BEI ILIYOPIKWA

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haitoki serikalini wala Google. Ni ile ya mwenye blogu kuwa na upande. Akiwa yeye mwenyewe ni dalali, au mtangazaji wake mkubwa ni mnunuzi mmoja wa jumla, atashawishika kuandika bei ya chini siku ambayo mnunuzi huyo anashuka ufukweni. Mara moja inatosha. Mvuvi aliyeuza kwa bei ya kwenye simu kisha akakuta jirani ameuza zaidi hataifungua tena blogu hiyo, na atawaambia wenzake. Bila wavuvi hakuna wa kutoa bei, na bila bei hakuna wa kutangaza.

Kwa hiyo wafanyabiashara na wasafirishaji watakaoombwa kutangaza wana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kutoa kwacha 100 zao. Kwanza, bei inachukuliwa kwa nani na saa ngapi, na je, inatoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja? Pili, mtangazaji anatenganishwa vipi na habari? Tatu, blogu itaendelea kuandika Januari, wakati ziwa limefungwa? Atakayeendelea kuandika Januari, akieleza barabara ikoje, mpaka ukoje na nyavu zinauzwaje, ndiye ambaye Machi 1 simu za wenye malori zitamtafuta kabla ya kumtafuta dalali.