Mtoto Mwenye Usonji Naye Aende Kijijini

Kila Desemba familia nyingi za Dar es Salaam hufunga mizigo kuelekea Kilimanjaro kwa ajili ya sikukuu. Zipo zinazoondoka zikimwacha nyuma mtoto mmoja, aliye na usonji. Sababu inayotolewa ni kwamba safari itamchosha. Mara nyingine sababu yenyewe ni hofu ya macho ya abiria na maneno ya ndugu.

Hofu hiyo haistahili kubezwa. Safari ya basi hadi Moshi huchukua takriban saa kumi, kukiwa na muziki, honi, joto na msongamano. Watoto wengi wenye usonji huzipokea sauti, mwanga na mguso kwa nguvu kuliko wengine. Mtoto anapopiga kelele au kujitupa sakafuni si utovu wa adabu wala malezi mabovu, amezidiwa. Kumchapa humzidishia tu mzigo.

Hata hivyo, kumwacha si suluhisho. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo na mapumziko sawa na watoto wengine. Kwetu, mapumziko ni pamoja na kuwajua babu na bibi. Mtoto asiyepelekwa kijijini hubaki akijulikana huko kwa hali yake tu, si kwa jina lake.

Kinachohitajika ni maandalizi, na kliniki zina wajibu katika hilo. Mhudumu anayeuliza kuhusu usingizi na chakula aulize pia familia itasafiri lini. Mzazi asiyeshauriwa hujishauri mwenyewe, na wapo wanaompa mtoto dawa ya mzio ili alale njiani. Dawa hizo huweza kumfanya acharuke badala ya kulala; promethazini haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani yaweza kudhoofisha upumuaji. Kifafa nacho huwapata zaidi watoto wenye usonji. Anayetumia dawa zake asikose dozi, nazo zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.

Mengine hayahitaji fedha nyingi. Mtoto aonyeshwe mapema picha za basi na za nyumba ya bibi. Apewe kiti cha dirishani, chakula alichozoea, kitu akipendacho na kofia ya kupunguza mwanga. Ndugu waombwe wasimlazimishe kusalimia wala kukumbatiwa, na pawepo chumba kimoja tulivu cha kupumzikia. Watoto hawa huweza kutoweka ghafla, na wengi huvutwa na maji. Palipo na mfereji, mto au kisima, mtu mzima mmoja apewe zamu ya kumwangalia. Namba ya simu ya mzazi iandikwe ndani ya nguo yake.

Wapo watoto ambao safari hiyo bado ni ndefu mno kwao. Hao waanze na safari fupi, ya Bagamoyo au Kibaha. Uamuzi wa kubaki nyumbani ni halali unapotokana na hali ya mtoto. Unapotokana na aibu ya watu wazima, anayeadhibiwa ni mtoto.