Barua ya wazi kwa EWURA: tusomeeni bei ya umeme kama wakulima tunavyosomewa bei ya kakao

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA),
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Makwale, wilayani Kyela. Mimi ni mkulima wa kakao na mpunga, na jioni majirani huniletea simu niwasomee ujumbe wa luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Wengi wana haja na zile namba ishirini tu. Zikishaingia kwenye mita na taa ikawaka, ujumbe unafutwa. Juzi mama mmoja hakuufuta. Alinunua umeme wa shilingi 1,000 akapata uniti 2.8, na miezi michache nyuma elfu moja hiyohiyo ilimpa uniti 8.2. Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, umeme umepanda?”

Nilimjibu kuwa haujapanda. Ujumbe wake ulikuwa sahihi hadi senti: umeme wenyewe 819.67, VAT 147.54, fungu la Wakala wa Nishati Vijijini (REA) 24.59, la EWURA 8.20. Jumlisha, unapata 1,000. Kilichobadilika ni daraja lake. Alinunua friza ili auze barafu na juisi kwa wanaoshuka mashambani, akavuka uniti 75 kwa mwezi, akatoka D1 ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, akaingia T1 ambako ni 292. Bei hizo ni za jedwali lililoanza kutumika Aprili 2016. Lakini kwenye ujumbe ule sikuona D1 wala T1, wala idadi ya uniti alizokwisha kununua mwezi huo. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mwanawe: uniti 75 za D1, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 9,150. Uniti 80 za T1 ni karibu 28,500. Kwa mteja aliyekwisha hamishiwa T1, uniti hizo tano ni tofauti ya zaidi ya shilingi 19,000 kwa mwezi, na hakuna aliyemwambia kwamba mstari uko hapo.

Sisemi bei ya D1 ifutwe. Imewasha taa kwenye nyumba ambazo mimi mwenyewe nilizijua zikiwa na kibatari. Ninachosema ni kwamba mnunuzi anapaswa kuujua mpaka kabla hajauvuka, kama dereva anavyowekewa kibao kabla ya kona.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya lile soko huria la umeme tuliloahidiwa. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilipanua mlango kwa kampuni binafsi. Juni 2014 serikali ikapitisha mkakati wa mageuzi uliopaswa kukamilika mwaka 2025: kwanza uzalishaji utenganishwe na usafirishaji, halafu usambazaji nao usimame peke yake, na mwishoni wawepo wauzaji wengi wanaomgombea mteja. Mwaka 2025 ulifika shirika la umeme, TANESCO, likiwa bado halijagawanywa. Hata hivyo wazo halijafa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, umeme wetu umeunganishwa na wa Kenya, na njia kubwa ya kwenda Zambia imepangwa kupita mkoani kwetu Mbeya. Hapa jirani, ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilikwisha kutenganisha mzalishaji na msambazaji mwaka 2017. Ipo siku mazungumzo haya yatarudi mezani, nami ningependa Makwale iwe inaelewa kinachozungumzwa.

Na inaweza kuelewa. Watu wa hapa wanaujua mnada kuliko wengi wanaouandikia vitabu. Kakao yetu inakwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika, inapimwa, inaingia ghalani, wanunuzi wanaleta zabuni, na bei inasomwa mbele yetu pamoja na makato yake, moja baada ya jingine. Mwaka 2024 bei ilipopaa duniani, wazee wasiojua kusoma walikuwa wanakueleza habari za mavuno mabaya ya Ghana na Kodivaa. Waambieni basi kwamba soko huria la umeme nalo ni mnada, ila unaendeshwa kila saa, na pengine kila dakika chache. Wenye mitambo wanataja bei zao. Wa bei nafuu anachukuliwa kwanza, anafuata mwingine, mpaka mahitaji ya saa ile yatoshe. Mara nyingi bei ya yule wa mwisho aliyehitajika ndiyo wanayolipwa wote. Muuzaji wa rejareja ananunua pale na kumuuzia mwenye nyumba. Nguzo na nyaya zinabaki za mmoja, chini ya mdhibiti, kwa kuwa hakuna atakayesimamisha nguzo mbili mlangoni pangu.

Kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo inayonitia hofu. Kakao hukaa ghalani ikisubiri bei. Umeme, isipokuwa kidogo kinachowekwa kwenye betri au kwenye maji ya bwawa, unatumika saa ileile unapozalishwa. Kukitokea upungufu, bei inaruka, na mnunuzi hawezi kusema narudi wiki ijayo. Februari 2021 baridi kali ilizima mitambo mingi Texas, Marekani, na bei ya mnada ikafika kikomo chake cha dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa uniti moja. Waliokuwa wamekubali kulipa bei ya mnada moja kwa moja waliletewa ankara za maelfu ya dola kwa siku chache. Uingereza nako, gesi ilipopanda kuanzia 2021, wauzaji wa rejareja zaidi ya 25 walifunga biashara. Huko ni kwa watu ambao ankara zao zinaeleza mengi kuliko ujumbe wetu.

Tena nauliza, soko likija, nani atagombea kutuuzia sisi? Leo uniti ya Makwale ina bei sawa na ya Kinondoni, ingawa waya wa kutufikia unapita milima ya Rungwe na kuteremka hadi huku bondeni kwenye maji. Gharama hiyo mtu anaibeba, ila haijaandikwa popote ninapoweza kuisoma. Mwaka 2020 serikali iliwaagiza wenye mitambo midogo ya vijijini, waliokuwa wakiuza kwa bei kubwa zaidi, washuke hadi shilingi 100 kwa uniti. Mwanakijiji alinufaika, na mwekezaji akaona hesabu zake hazikai. Wote wawili walikuwa na haki ya kuambiwa mapema nani atalipa pengo.

Bei iliyofichwa hutugharimu hata pasipo soko. Mkataba wa mwaka 1995 na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ulikuwa na malipo ya mtambo kuwa tayari, uzalishe usizalishe, kama mtu aliyekodi lori na kulilipia likiwa limeegeshwa. Wengi wetu tuliyajua maneno hayo miaka mingi baadaye, sakata la Escrow, akaunti ya malipo hayo yaliyobishaniwa, lilipofika bungeni mwaka 2014. Na Mamlaka yako iliidhinisha ongezeko la bei la asilimia 8.5 lianze 1 Januari 2017, likasitishwa na serikali. Tulifurahi, nakiri. Lakini sikusikia mtu akitueleza hesabu iliyofanya asilimia hizo zionekane zinahitajika ilikwenda wapi.

Kwa hiyo naomba ujumbe wa luku utaje daraja la mteja na uniti alizokwisha kununua mwezi huo. Ni maneno machache tu ya ziada. Naomba mtuonyeshe pia katika zile shilingi 292 ni ngapi za kuzalisha, ngapi za kusafirisha, ngapi za kusambaza. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anahitaji kujua. Mota ya kilowati 15 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula angalau uniti 15 kwa saa, zaidi ya shilingi 5,300, na fedha hiyo anairudisha kwa mkulima kwenye kila gunia.

Kubwa zaidi, taftishi, yaani kikao cha kusikiliza maoni. Sheria inawataka msikilize wadau kabla ya kubadili bei, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji. Kikao kijacho kileteni Kyela, si Mbeya mjini, na kiwe siku ya mnada wa kakao. Siku hiyo watu wanakuwepo bila kuitwa, wamekwisha kaa wakisubiri kusomewa bei, na wana daftari mkononi. Njooni na jedwali lenu tulipitie mstari kwa mstari. Yule mama ameutunza ujumbe wake. Amenihakikishia atakuja nao, na swali lake la kwanza ni kwa nini mstari umewekwa uniti 75 na si 100, wakati friza moja ya barafu inatosha kumvusha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa Makwale, Kyela