Kamati Si Makarani

Ndugu mwandishi ninayemjibu hapa anatuambia kazi ya kamati za chama ni kupanga viti na kuandika ajenda. Uamuzi, anasema, ni wa Mkutano Mkuu. Kwenye katiba ya CCM, sawa, hicho ndicho kikao kikubwa kuliko vyote. Lakini arudi Dodoma, Julai 2015.

Makada 38 walirudisha fomu za kuomba kugombea urais. Majina yakapita kwanza kwenye kamati ya maadili, Kamati Kuu ikabakiza matano, Halmashauri Kuu ikayashusha hadi matatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Hayo ndiyo waliyoletewa wajumbe zaidi ya 2,000 wa Mkutano Mkuu. Edward Lowassa, aliyekuwa akiimbwa ukumbini, hakuingia hata tano bora. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitokeza hadharani kulalamika kwamba baadhi ya majina hayakufikishwa mbele yao. Ikiwa Kamati Kuu nayo ilichujiwa, mjumbe aliyetoka Namtumbo aliamua nini? Alichagua, ndiyo, ila kwenye sahani aliyopakuliwa.

Mwandishi angeweza kunibana kwa Januari 2025. Mkutano Mkuu Maalumu, ulioitwa kujaza nafasi ya makamu mwenyekiti, uliishia kumpitisha Samia Suluhu Hassan kugombea urais. Ukumbi ulisema, sikatai. Ila fomu hazikuwa zimetolewa kwa yeyote, na jina la pili halikuwapo.