Ukishuka Malindi, usiishie kwenye nguzo ya Vasco da Gama

Likizo ya Disemba ikikaribia, vikundi vya WhatsApp huchangamka. "Wasee, tunashuka Pwani lini?" Mmoja anasaka nyumba ya kulala watu wanane, mwingine anakusanya michango, na yule asiyekosekana anaahidi kutuma pesa "kesho" hadi siku ya safari. Hatimaye mnafika Malindi. Siku tatu baadaye mnarudi Nairobi na picha mia mbili: ufuo, madafu, miguu mchangani, na ile moja ya lazima mbele ya nguzo ya Vasco da Gama.

Hakuna ubaya. Umehangaika mwaka mzima na kujivinjari ni haki yako. Lakini ukiulizwa Malindi ni mji wa nani, utajibu nini?

Wengi wetu tungetaja Mreno aliyesimamisha nguzo, kisha Mwitaliano mwenye hoteli na piza. Ndivyo tulivyouziwa mji huu: mahali ambapo wageni walifika, wakapapenda, wakaacha alama. Wenyeji wanabaki kuwa watu wa kukubebea mizigo na kukuendeshea tuktuk.

Hebu tuanze na hiyo nguzo yenyewe. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498 baada ya mambo kumwendea vibaya Mombasa. Sultani wa Malindi, ambaye hakuwa akielewana na Mombasa, alimpokea, akawapa mabaharia wake chakula, na kubwa zaidi, akampa rubani wa jahazi aliyezijua pepo za Bahari ya Hindi. Waliondoka tarehe 24 Aprili na kufika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Yaani mtu ambaye vitabu vinasema "aligundua" njia ya kwenda India kwa bahari alionyeshwa njia hiyo na rubani aliyepewa hapa. Wafanyabiashara wa Pwani, Arabuni na India walikuwa wakiipita njia hiyo kwa karne nyingi.

Na Malindi haikuwa ikimsubiri yeye ndipo ijulikane. Mwaka 1415, miaka 83 kabla hajafika, twiga kutoka Malindi alipelekwa China kama zawadi kwa mfalme. Hebu fikiria kazi ya kumvusha twiga bahari yote hiyo akiwa hai. Mji wa kufanya hivyo haukuwa kijiji cha wavuvi waliolala.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Wareno walirudi na mizinga. Mwaka 1505 waliivamia Mombasa na kuichoma. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, sultani wa Malindi akahamia Mombasa chini ya kivuli chao, na Malindi iliyowakaribisha ikafifia. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya ile nguzo, na haitoshei kwenye selfi.

Sasa toka ufuoni uingie mjini. Kuna bustani yenye sanamu ya mwanamke, na watalii wengi huipita wakielekea kununua soda. Huyo ni Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama walipe kodi na kutoa vijana wao wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mekatilili, mjane wa makamo, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akikusanya watu na kuwaapisha wasikubali. Alikamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi. Mwaka uliofuata alitoroka na kurudi kwa miguu, mamia ya kilomita, kuendelea pale alipoachia.

Soma tena sababu ya vita vyake: vijana wasichukuliwe kwa nguvu. Mama huyo aliwapigania watu wa umri wako. Halafu sisi, vijana, tunapanga foleni kupiga picha na nguzo ya baharia aliyepita, na yeye tunampita bila hata kusoma jina.

Najua kuna atakayesema, "Buda, mimi nimeenda likizo, si darasani." Sawa. Hakuna anayekutaka ubebe daftari. Tunakuomba nusu siku tu kati ya siku zako tatu. Nguzo, kanisa dogo la Wareno na jumba la makumbusho vinafikika kwa miguu siku moja. Asubuhi nyingine panda matatu hadi Gede, kilomita kama 16 kusini mwa Malindi. Utakuta mji mzima wa Waswahili ndani ya msitu: msikiti, kasri, makaburi, visima na vyoo, vyote vya mawe ya matumbawe, huku kima wakikuchungulia kutoka mitini. Wachimbuaji walipata humo vyombo vya kaure kutoka China na shanga kutoka Venice. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuuona. Wewe unahitaji nauli ya matatu.

Ukiwa huko, lipa ada ya kiingilio bila kunung'unika, maana raia hulipa nafuu kuliko wageni wa nje, na pesa hizo husaidia kutunza kuta hizo. Mchukue kiongozi wa pale. Wengi ni vijana kama wewe, wanaozijua hadithi zisizoandikwa kwenye vibao, na siku yao hutegemea iwapo utasema "ndiyo" au "niko sawa, nitagugo." Chakula nacho kisiwe cha hotelini kila siku. Asubuhi tafuta mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai kwa mama wa kando ya barabara. Shilingi hiyo inalala Malindi.

Na baharini vilevile. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilianzishwa 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika. Matumbawe ni viumbe hai na hukua polepole mno, kwa hivyo usiyakanyage ili upate picha nzuri, na makombe yaache majini. Mjini, kumbuka hapo ni nyumbani kwa watu: salimia kabla ya kuuliza bei, vaa nguo unapotoka ufuoni, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Wanaoitangaza Malindi nao wana deni. Kila tangazo likianza na nguzo na kuishia na glasi ya juisi kando ya bwawa la kuogelea, tusishangae kijana wa Nairobi akiujua mji kwa jina la Mreno pekee. Iwekeni picha ya Mekatilili mbele. Iwekeni Gede mbele.

Lakini wewe huhitaji kusubiri tangazo. Disemba hii ukishuka, piga picha zako zote za ufuoni, kisha posti moja zaidi: ya Mekatilili, na maneno mawili ya kueleza ni nani. Rafiki zako mia tano wataiona. Huenda mmoja wao akauliza.

Malindi imeshapokea wageni wa kila aina. Nenda ukawe mgeni ambaye, akiondoka, mwenyeji amepona hata kidogo.