Lubumbashi: mji wa mukuba, kemia ya chaki

Kwenye shule nyingi za sekondari za Lubumbashi, zoezi la kemia linaanzaka na chaki na linamalizikaka na chaki. Mwalimu anachora bireti kwenye tablo, chini yake anachora chupa, pembeni anaandika rangi itakayotokea: waridi. Wanafunzi wanakopia yote katika kaye, mchoro pamoja na rangi, maana siku ya enterogasio wataulizwa ilikuwa rangi gani. Hakuna aliyeiona. Kengele inalia, somo linalofuata ni jiografia.

Nje ya dirisha, kemia yenyewe inaendelea bila kungoja mtu. Huu ni mji uliozaliwa na tanuru: mukuba wa kwanza ulitoka kwenye kiwanda cha Lubumbashi mwaka 1911, na mlima mweusi wa takataka za tanuru hilo bado umesimama pale karibu na bomba refu la Gécamines. Malori ya asidi yanapita kila siku kwenye barabara ya Kasumbalesa kwenda migodini, kwa sababu siku hizi mukuba na kobalti hutolewa ndani ya jiwe kwa asidi kabla ya kupitishwa kwenye umeme. Na mbali kabla ya Wabelgiji, mafundi wa Basanga na Bayeke walikuwa wanayeyusha malakiti kwa moto wa makala na kumimina misalaba ya mukuba iliyotumika kama feza. Misalaba ile ile ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Mtoto wa Katuba ao wa Kampemba anaijua toka utoto. Lakini akiulizwa jiwe la kijani linageukaje kuwa chuma chekundu, atakariri ekwasio, kama anaikumbuka.

Jibu la haraka ni kwamba pesa hakuna. Na ni kweli kwa sehemu kubwa. Tangu Septemba 2019 masomo ya bure yanahusu shule za msingi za serikali; kwenye sekondari bado mzazi anatoboa mfuko. Darasa la watoto sitini si ajabu, maji hayafiki kila siku, umeme unakuja na kwenda. Shule chache, zaidi zile za mapadri kama Institut Technique Salama ya Wasalesiani, zina historia ndefu ya kufundisha kwa mikono. Zingine zina chumba kilichoandikwa "Laboratoire" mlangoni, ndani mnawekwa viti vilivyovunjika.

Ila pesa peke yake haielezi kila kitu. Kuna shule zinazolipisha vizuri, zenye madirisha ya vioo na basi la wanafunzi, na hata huko zoezi la sayansi ni nadra. Sababu inabidi itafutwe mahali wote wanapoangalia: Exetat.

Mtihani huo wa taifa ulianza mwaka 1967. Kwa opsio za ufundi, mwanafunzi anapita mbele ya juri na kuonyesha kazi kwa mikono. Kwa upande wa sayansi, kazi kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, na majibu yanasahihishwa na mashine. Mashine haiwezi kujua kama mtoto amewahi kushika chupa ya asidi. Inajua tu kama alitia alama mahali pa haki. Basi prefe wa masomo anayetaka shule yake isifiwe kwenye redio kwa asilimia ya waliofaulu, atatumia saa zake kwenye nini? Atatumia kwenye maswali ya miaka iliyopita. Hapo huwezi kumlaumu sana. Mwalimu naye anayepoteza saa mbili kutayarisha zoezi moja anaonekana kama mtu asiyemaliza programu.

Serikali ilijaribu kugusa jambo hili. Kwa mradi wa PEQPESU, uliolipiwa na Banki ya Dunia kuanzia 2015, programu za hesabu na sayansi ziliandikwa upya, kuanzia darasa la saba na la nane. Mwanafunzi anatakiwa aanze na jambo la maisha yake, alichunguze, ndipo afike kwenye kanuni. Kwenye karatasi ni kazi nzuri. Lakini programu ikibadilika na mtihani ukibaki na mashine ile ile, mwalimu atafuata mtihani.

Majirani waliamua njia nyingine. Kenya, mtahiniwa wa kemia wa kidato cha nne ana karatasi ya tatu ambayo ni mazoezi matupu: anapima, anachanganya, anaandika alichoona. Shule isiyo na vifaa inaumbuka siku hiyo, na kwa hiyo inatafuta vifaa. Tanzania nako, mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Wananchi walichangishwa, tarehe ya mwisho ikasogezwa mpaka Juni 2015. Kuta zilisimama. Vifaa, dawa na watu wa kuzitunza vilichelewa sehemu nyingi, na vingine havikufika. Jengo linakatwa utepe mara moja. Chupa ya asidi inaisha kila muhula na hakuna anayekuja kuipiga picha.

Fundisho hilo linahusu Haut-Katanga moja kwa moja, kwa sababu hapa pesa ya majengo ipo. Kodi ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni ya kuchimba kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni. Kampuni inayouza madini ya dola milioni 100 kwa mwaka inapaswa kutoa dola 300,000. Tena asilimia 15 ya redevansi inaenda kwa komini, sekta ao chefferie ambako mgodi uko. Wakati wa kuandika cahier des charges, machifu na wazazi wanaomba madarasa, na kampuni inapenda madarasa: yanaonekana toka barabarani, yanapakwa rangi, kibao kinawekwa. Ni nadra mtu kuomba mshahara wa mtunza labo kwa miaka mitano, pamoja na dawa za kila muhula. Lakini hilo ndilo lingeleta faida hata kwa kampuni yenyewe. Kila kiwanda cha mukuba kina labo inayopima udongo na asidi usiku na mchana. Vijana wanalalamika kila siku kwamba kazi zinaenda kwa wageni, na wana haki ya kulalamika. Lakini wengi wanamaliza sekondari ya sayansi bila kuwahi kupima kitu chochote.

Kuna pia jambo la afya. Novemba 2025, maji ya bwawa la mtambo mmoja wa madini yalimwagika na kuingia kwenye mitaa ya Lubumbashi, watu wakayakanyaga wakienda sokoni. Siku zile wengi waliuliza: maji haya ni ya hatari ao hapana? Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanapima mambo kama hayo toka zamani. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi. Mwanafunzi wa darasa la tano hatafika huko. Ila anaweza kujua asidi ni nini kwa macho yake.

Na kwa hilo hahitaji labo ya Ulaya. Maua makavu ya bissap yakichemshwa, maji yake yanakuwa mekundu zaidi ukitia ndimu, na yanageuka kijani ukitia maji ya majivu. Waya wa mukuba (ule unaobaki kwa fundi wa umeme, si ule wa SNEL) ukichomwa unakuwa mweusi. Ukiuacha siku kazaa katika siki, siki inageuka buluu. Tia msumari humo, utavaa ngozi nyekundu ya mukuba. Mwalimu wa Bukavu ao wa Bunia anaweza kufanya vile vile. Vitu vyote hivi vinauzwa sokoni. Mipaka pia iko: bissap inaonyesha asidi tu, haionyeshi metali, kwa hiyo maji yasiyobadilisha rangi si lazima yawe safi. Wala mawe ya mgodini yasisagwe darasani, maana vumbi lake lina sumu, na mengine yana uraniumu. Siki yenye mukuba isimwagwe kwenye bustani.

Kwa mazoezi ya namna hiyo, mwalimu mmoja mwenye moyo anatosha kuanza. Kwa kuendelea, Exetat lazima iyahesabu, hata kwa alama kumi tu mbele ya juri, kama inavyofanya tayari kwa watoto wa ufundi. Uamuzi huo uko Kinshasa.

Ule wa Lubumbashi uko karibu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kamati ya wazazi inakaa na uongozi wa shule kuhusu feza. Mahali ambapo kwenye karatasi ya malipo mna mstari wa "frais de laboratoire", wazazi wana haki ya kuomba mlango wa chumba hicho ufunguliwe.