MIFUGO NA NYUMBANI: Maradhi Yanayongoja Mvua

Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilizuka nchini Burundi. Ng'ombe walikufa, wengine wakatupa mimba, na Serikali ikazuia mifugo kuhamishwa na kuuzwa. Kwa mfugaji wa Gitega au Muyinga mwenye ng'ombe mmoja, kufungwa kwa mnada ni kukosa fedha za chumvi, dawa na karo. Yafaa basi kila nyumba yenye zizi ifahamu jinsi maradhi hayo yanavyosafiri.

Wengi hudhani kuwa mbu huchukua damu yenye ugonjwa na kuipeleka papo hapo kwa mnyama mwingine. Sivyo. Mbu jike anyonyapo damu ya mnyama mgonjwa, virusi huingia tumboni mwake, hupenya ukuta wa utumbo, huzaana, na baada ya siku kadhaa hufika katika tezi za mate. Hapo ndipo kila amuumapo mnyama humtia virusi pamoja na mate.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes huwarithisha watoto wao virusi katika mayai. Mayai hayo huweza kukaa miaka kadhaa katika udongo mkavu wa mabondeni, yakingoja mafuriko ili yaanguliwe. Kisha mbu wa jamii nyingine, kama Culex, huueneza ugonjwa. Ndiyo sababu milipuko ya Kenya, Somalia na Tanzania ya mwaka 1997 hadi 1998, na ya 2006 hadi 2007, ilifuata mvua kubwa.

Kumfungia ng'ombe zizini hakutoshi, kwani mbu humfuata humo humo. Chanjo itolewe mapema, kabla ya mvua. Ugonjwa ukisha kuingia, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza yenyewe kuueneza.

Binadamu naye huambukizwa, na mara nyingi si kwa kuumwa na mbu bali kwa kugusa damu au mimba iliyotupwa. Mimba hiyo isishikwe kwa mikono mitupu, wala watoto wasiisogelee. Aitwe mganga wa mifugo. Mnyama mgonjwa asichinjwe, na maziwa yachemshwe vema kabla ya kunywewa.

Tahadhari kabla ya athari: udongo ungali mkavu, ndio wakati wa kujiandaa.